Keria ya Baba Mdogo

Keria ya gari iliyobeba paa la nyumba ya mama yangu niliitengeneza mimi, na niliitengeneza vizuri. Nasema mapema ili mtu asidhani nasimulia mambo ya kuokoteza kwa majirani. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yangu iko Dodoma mjini, upande wa barabara iendayo Morogoro, na mpaka leo sijatengeneza keria nyingine ngumu kama ile. Wateja huniambia mwanamke hawezi kazi hii. Natamani siku ile wangekuwa wanasema kweli.

Mwenye gari alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba yangu wa tumbo moja. Alikuwa mtumishi wa wizara moja kule Mtumba, mtu wa shati jeupe, kitambulisho shingoni hata Jumapili, na kicheko ambacho ulikisikia kabla hujamwona mwenyewe. Watu walimpenda. Mimi pia nilimpenda, ndiyo shida yenyewe. Kwetu shemeji na shemeji wanataniana, na hao wawili, yeye na mama, walitaniana kuliko wote ninaowajua. Alimwita mama mke wangu. Alimchamba jinsi anavyopika mlenda. Alimwambia ajiandae kurithiwa, na mama, ambaye hakuwa mnyonge wa maneno, alimjibu kwamba hata akirithiwa na mbuzi dume atakuwa amepata nafuu.

Utani wao mkubwa ulikuwa wa bati. Nyumba yetu ya Mlali ilikuwa ya kwanza upande ule kuezekwa bati, wakati wenzetu bado wako kwenye tembe, wamelala chini ya udongo. Basi baba mdogo kila akija alisimama katikati ya uwanja, akajikinga macho na ule mng'ao, akatangaza kwamba siku kaka yake akiondoka duniani mke atamwacha, bati atachukua. Mama alikuwa hata hageuki kutoka jikoni. "Njoo na gari kubwa," alimjibu. Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko, baba yangu akiwemo. Nimeyasikia maneno hayo tangu sijaota meno ya utu uzima, na hakuna aliyewahi kujiuliza kama yule mtu anatania au hatanii. Shemeji akimwambia shemeji yake maneno ya namna hiyo, utafikiri ni nini kingine?

Mwaka huu ninaousema, baba alilazwa hospitali mjini, tumbo limemvimba, madaktari wanazungukazunguka maneno. Mama alishinda kando ya kitanda chake, usiku akitandika kanga sakafuni. Mimi nilikuwa nakimbia kati ya karakana na wodi, nanuka moshi wa chuma mpaka manesi wananifukuza. Ni wakati huo huo baba mdogo alipoleta gari lake akaegesha mlangoni kwangu. Alisema anataka keria iongezwe nguvu, abebe magunia ya alizeti.

Lilikuwa gari la zamani, refu, la kupandia milima, na juu lilikuwa na keria iliyotoka nayo kiwandani. Keria ya kiwandani ni ya mabegi na godoro la mwanafunzi anayekwenda bweni. Ukiitazama ni nzuri, inang'aa, lakini miguu yake imekaa juu ya bati la gari, na bati hilo ukilibonyeza kwa dole gumba linaitika. Pakia magunia pale, pita kwenye makorongo yetu, na kabla hujafika Kongwa paa limekwisha kubonyea linagusa nywele za abiria. Mafundi wengi wakiambiwa waongeze nguvu wanarundika vyuma juu, wanadhani chuma kingi ndiyo nguvu. Ujinga mtupu. Umeongeza uzito na miguu ni ile ile. Kazi yenyewe ni kuuhamisha mzigo, kuutoa katikati ya paa na kuupeleka ukingoni, kwenye kile kijifereji cha maji ya mvua, maana chini yake ndipo zinaposimama nguzo za milango.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilimkatia miguu ya chuma ya pande zote mbili, kila mguu unaung'ata ukingo kwa juu na kwa chini, umekazwa kwa bolti. Katikati niliweka vipande vya mpira wa tairi chuma kisije kikala rangi. Juu ya miguu nikalaza skwea paipu, yale mabomba ya mraba, nikayachomelea kama ngazi iliyolala, na ile keria ya kiwandani nikaifungia humo ndani kwa vibanio, kwa kuwa madini yake ni laini na hayakubali kuchomelewa. Kila kiungo nilikizungushia moto pande zote. Mtu mwingine ningemgusishia hapa na pale nikapaka rangi. Lakini huyu alikuwa baba yangu mdogo, na kaka yake yuko wodini, nikaona hapo ndipo pa kuonyesha upendo.

Nilipokaribia kumaliza akasema niirefushe, mbele ipite juu ya kioo, nyuma ipite mlango. Nilimwuliza magunia ya alizeti yanahitaji urefu huo wa nini, au ameanza kubeba twiga. Akacheka kile kicheko chake. Akasema wakati mwingine hubeba mbao. Akachukua futi yangu ya kupimia, akapanda kwenye stuli na shati lake jeupe, akapima mwenyewe, akarudia kupima. Alitaka futi kumi kamili. Bati za nyumbani Mlali zilikuwa za futi kumi, na nilizijua, nilikua nikizitazama, na bado nilikuwa nimemshikia stuli asianguke. Baba wakati huo alikuwa bado anakunywa uji.

Tulipomaliza, mimi na mafundi wenzangu tulipanda juu tukarukaruka, gari likayumba na keria ikatulia pale pale. Alinilipa papo hapo. Alinisifia mbele ya watu, akasema kwa huyu binti wanaume wote wa mtaa ule wafunge biashara, kisha akanunua machungwa akaenda kumwona mgonjwa.

Mzigo wa kwanza wa keria ile ulikuwa baba yangu. Alipofariki, baba mdogo alisema hakuna haja ya kutafuta gari la kukodi, lake lipo na lina nguvu, fundi tunaye ndani ya familia. Jeneza lilifungwa juu kwa kamba, nikalikagua mwenyewe, tukaondoka asubuhi. Mama alikaa kiti cha nyuma, baba juu ya... hapana, siwezi kulisema vizuri. Mume wake alikuwa juu ya kichwa chake, basi. Mtumba tukapita, Buigiri tukapita, na kila gari likigonga tuta mama alitazama juu. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, hiyo haitoki." Nilisema kwa fahari. Tulipofika Mlali watu waliopokea mwili walishangaa jinsi jeneza halikusogea hata kidogo katika njia ile, wakauliza nani kafanya kazi ile, wakaonyeshwa mimi. Nilivimba kichwa msibani kwa baba yangu mzazi.

Baba mdogo aliiendesha ile shughuli yote. Alisimamia kaburi, chakula, mchungaji, hata nani alale wapi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga kichwani, akimtazama kama mtu anavyomtazama aliyemvusha mto. Aliniambia Mungu amemchukua mume lakini amemwachia shemeji.

Siku ya kuanua matanga, baada ya watu wa mbali kuondoka, ukoo ulikaa. Kwa wasiojua, hapo ndipo msiba unapomalizwa na mali ya marehemu inapozungumzwa. Alikuwepo baba mdogo, alikuwepo shangazi, dada yao mkubwa, na wazee wachache wa upande wa baba. Mama alikuwa chini pembeni. Mimi ndiye mtoto pekee, na wa kike, kwa hiyo nilikaa karibu na mlango ambapo wanawekwa wa kutumwa maji. Baba mdogo alivaa shati la kazini. Alisema kaka yake alijenga nyumba hii na mkewe, hakuna anayelikana hilo. Kisha akakohoa.

"Kuta ni za shemeji," alisema. "Udongo alikanyaga mwenyewe, maji alibeba kichwani. Hatumgusi. Lakini bati zilinunuliwa kwa ng'ombe wa baba yetu, na ng'ombe ni wa ukoo. Kwa hiyo kuta zinabaki, bati zinaondoka."

Na hapo mama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu hospitalini. Uso ulimchangamka, nikaona anafikiri shemeji yake ameamua kumtoa machozi kwa utani wao wa siku zote, kama wanavyofanya watu wenye huruma msibani. Akainua kichwa akamjibu vile vile alivyomjibu maisha yote.

"Njoo na gari kubwa."

"Limekuja," baba mdogo alisema. "Lipo hapo nje."

Hakucheka. Alinyoosha kidole mlangoni, kikapita usoni pangu, na wote waligeuka kulitazama lile gari na ngazi yake ndefu juu. Mama alikuwa bado anatabasamu, sijui kwa nini uso wake ulichelewa hivyo. Mzee mmoja akasema na kweli, kila mtu alimsikia mwenyewe akikubali, miaka yote, mbele ya mume wake. Alikubali kwa mdomo wake, basi tatizo liko wapi? Jamani. Maneno aliyokuwa akiyasema huku anageuza ugali yakawa ushahidi.

Nililipuka. Nilisema yote yaliyonijia mdomoni na mengine ambayo hayakupaswa kunijia. Nilimwita baba mdogo fisi. Nikamwambia mvua zinakaribia, mawingu yamekwisha kuanza kujikusanya, mama atalala wapi? Shangazi alinijibu akiwa anajipepea. Alisema wao wote walizaliwa kwenye tembe, mama yao hakuwahi kuona bati mpaka anakufa, na hakuyeyuka. Kuta zipo, aweke miti, aweke udongo juu, kama wanawake wa Kigogo walivyofanya tangu zamani. Kuhusu mimi alisema mtoto wa kike anayekemea baba zake aende kwanza akatafute mume wa kumwezekea mama yake nyumba. Wazee walitingisha vichwa kumwunga mkono.

Mama alipopata sauti aliomba kitu kimoja tu. Aliomba waache bati za chumba anacholala. Baba mdogo akamweleza, kwa upole kama anamhudumia mwananchi dirishani, kwamba hesabu yake haigawanyiki. Alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha karibu na Mtumba, watumishi wanahangaika kutafuta pa kukaa, na kuta za vyumba vile zilikwisha kupanda. Zilikuwa zinangoja bati. Maana yake alizijenga baba akiwa hai. Alisema bila kupepesa macho, na wala hakuona kwamba amesema kitu.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mkubwa wa kijiji. Alikuwa ameoa upande wao. Aliniambia mambo ya ukoo yana wenyewe. Mahakama? Mama hakutaka hata kulisikia neno hilo, alisema hawezi kumpeleka shemeji yake mbele ya askari na udongo wa kaburi haujakauka. Kumhamishia mjini kwenye chumba changu cha kupanga alikataa, alitaka kukaa karibu na kaburi. Na mimi baada ya hospitali na msiba, bati mpya zilikuwa mbali kabisa. Kwa hiyo zile zilizokuwa juu ya kichwa chake ndizo pekee.

Asubuhi walianza. Baba mdogo alikuwa na wanaume wawili aliokodi Kongwa, watu wasiojua wala wasiouliza. Walipanda na nyundo za kucha na mtaimbo. Msumari wa bati ukitolewa baada ya miaka mingi unalia, na nyumba nzima ikilia hivyo huwezi kuzungumza na mtu. Walikuwa waangalifu, wasichane hata moja. Kenchi, yale mapau ya mbao, waliziacha, baba mdogo alizigonga akasema mchwa wamekwisha kuzila, shemeji abaki nazo. Kila bati lilipotoka, kipande kingine cha jua kiliingia ndani, juu ya kitanda, juu ya sufuria, juu ya picha ya harusi yao ukutani. Majirani walisimama mbali wakatazama. Wengine walikuwa wameanza kuulizia kenchi.

Na mama? Mama alikuwa chini anaokota misumari ili isimchome mtu. Walipoishiwa kamba walimwomba, akawafungulia ile ya mbuzi. Nilimpigia kelele. Aliniambia nisimwaibishe mbele za watu, ndugu wakija nyumbani wanahudumiwa. Kisha akaingia kwenye jiko lililokuwa halina tena kitu juu, akawapikia ugali.

Zilipopangwa kwenye keria, bati zilikaa kama zimepimwa, kwa sababu zilipimwa. Hakuna ncha iliyochungulia. Kofia za paa zikawekwa juu, kamba ikazungushwa, nami nilikuwa nimesimama pembeni nikiitazama kazi yangu. Niliomba ivunjike. Nilitafuta kiungo kibaya kwa macho, kimoja tu, na nilijua hakipo. Gari lilishuka kidogo kwenye springi, keria haikutoa hata mlio.

Walikwenda kula. Spana yangu huwa inalala kwenye mkoba hata nikienda kanisani. Nililizunguka gari, nikalegeza bolti za miguu ya upande mmoja, zote, nikaziacha zimeshikilia kwa nyuzi za mwisho. Mzigo ulikaa pale pale, kwa macho hujui. Lakini kule mbele kabla ya Kongwa njia inashuka korongoni na kupinda, na nilijua hapo bati zile zitahama zote kwa mara moja na kulivuta gari nazo. Msiseme kwamba sikufikiri. Nilifikiri vizuri. Nilimfikiria baba mdogo chini ya bati zake. Wale wawili wa kukodi niliwafikiria pia, na mtu yeyote ambaye angekuwa anapita na baiskeli, na nikaendelea kuzungusha spana.

Baba mdogo alitoka wa kwanza, anafuta mikono. Alilizunguka gari lake kama dereva yeyote anavyofanya kabla ya safari. Kwenye ule upande alisimama. Alitazama miguu ya keria, halafu akatazama vidole vyangu, vilikuwa vyeusi kwa grisi. Nilingoja anipige. Badala yake alirudi jikoni, nikamsikia anaongea na mama kwa sauti ya chini, ile sauti nzuri ya zamani. Alikuwa anamwambia avae, waende wote mjini, kuna karatasi za mirathi zinamhitaji yeye mwenyewe.

Mama alitoka mbio mbio kama msichana. Alinawa miguu, akavaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe. Nilimfuata ndani ya zile kuta nikamwambia asiende. Alinisogelea sikioni.

"Amesema njiani tutakuwa peke yetu," alisema. "Nitamwomba za chumba kimoja. Bila dada yake hapo yeye si mbaya hivyo."

Nilimwambia gari lile asilipande. Aliniuliza kwa nini. Nje walikuwa wamesimama wote, shangazi, wazee, majirani. Nikashindwa kusema. Nilimwambia tu asipande, asipande, nikamshika mkono, akauvuta.

"Usiniharibie," alisema. "Umekwisha kumwita fisi, sasa niache mimi niongee naye vizuri."

Baba mdogo alimfungulia mlango wa mbele kwa adabu kabisa. Akamkalisha, akamfungia. Wale wanaume wawili aliwaambia wachukue bodaboda. Akaingia, akawasha gari, akateremsha kioo, akanitazama.

"Fundi, kagua kazi yako. Mama yako anasafiri nayo."

Nilikaza. Nilianzia mguu wa mbele, nikaenda wa pili, nikaenda wa mwisho, nikarudi tena wa mbele kwa sababu sikuiamini mikono yangu. Injini ilikuwa inaunguruma na gari linatetemeka kwenye spana. Alikuwa ananitazama kwenye kioo cha pembeni, ametulia, kiwiko dirishani. Shangazi aliuliza kwa sauti, kumbe huyu aliyekuwa anatutukana jana leo ndiye anatufungia mzigo? Watu walicheka, na wale majirani nao. Mama aliyekuwa ndani alinitazama kwa furaha. Alidhani nimeshika adabu. Nilikaza mpaka ngozi ya kiganja ikachanika, nikaingiza kidole kila mahali kupima kama kuna kinachocheza. Hakikucheza kitu. Nilifunga bati za mama yangu kwenye lile gari kwa nguvu ambazo wale wanaume wawili wasingekuwa nazo.

Nilipomaliza nikaondoka pembeni. Baba mdogo alinyoosha mkono wake kupita mapajani kwa mama, akafungua mlango wa upande wake.

"Shuka, shemeji," alisema. "Gari limekuwa zito."

Mama alisema hana mzigo, ana mkoba tu. Alisema anaweza kuuacha mkoba. Baba mdogo alikuwa anatazama mbele njiani. Mama akaanza kumwambia kuhusu kile chumba, haraka haraka, kwamba ni bati chache, kwamba hata zile zenye kutu zinamtosha, na wote tulikuwa tunasikia. Baba mdogo aliendelea kungoja, mkono kwenye usukani. Basi mama akashuka. Aliurudisha mlango taratibu kwa mikono miwili asije akauharibu, na gari likaondoka. Pale korongoni, nilisikia baadaye, lilipita bila shida.

Mama hakuniuliza habari ya spana. Sijui kama hakuiona au hakutaka kujua. Watu walianza kutawanyika, shangazi akawa anatafuta kandambili zake. Mama alijitazama, akakung'uta vumbi kwenye gauni, akasema hili la kanisani asije akalichafua bure, aende akabadili. Akaingia ndani ya zile kuta na kufunga mlango. Nilisikia anasukuma komeo.

"Simama hapo mlangoni," alisema kutoka ndani, "mtu asiingie, navua nguo."

Nikasimama mlangoni.